Kila Kitu Kilipitia Mkekani

Jina lake sitalitaja. Si siri, Nyaishozi nzima inalijua, na limeandikwa kwenye msalaba wa saruji pale kaburini. Ila mimi sikuwahi kulitamka akiwa hai, na sioni kwa nini nianze leo, wakati hawezi tena kunikatiza kwa kile kikohozi chake cha onyo. Kwao mkwe hatamki jina la baba mkwe. Mwalimu wa mwanangu aliwahi kuniuliza babu yake mtoto anaitwa nani, nikabaki natazama dari. Ilibidi nimwite mama mmoja aliyekuwa anapita nje aje anitajie. Mwalimu yule, mtu wa Morogoro, alinitazama kwa huruma, akidhani akili zangu zimeanza kupotea.

Mimi nilimwita Tata, ndiyo kusema baba kwa lugha ya huku kwetu. Habari za alikozaliwa na za ukoo wake muulizeni shangazi, dada yake, ambaye atawahesabia mababu mpaka chai ipoe. Mimi nitasema niliyoyaona mwenyewe kwa miaka yote niliyokaa kwenye kibanja chake, shamba lile la migomba na kahawa lenye nyumba zetu mbili katikati. Na niliyaona kwa mbali kidogo, maana hiyo ndiyo nafasi niliyopewa.

Mkwe na baba mkwe, kwa watu wa ukoo ule, hawagusani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawaketi kwenye benchi moja, na wakikutana kwenye kile kinjia chembamba cha migombani mmoja anaingia pembeni mpaka mwenzake apite. Chumba cha mmoja mwingine hakiingii. Ukitaka kumpa kitu unakiweka chini kwenye mkeka, unarudi nyuma, naye anakuja kukichukua. Kikombe cha chai, koti lililofuliwa, dawa, simu inayoita: kila kitu kati yangu na yule mzee kilipitia mkekani. Msidhani ni chuki. Ni heshima, na yeye aliamini kabisa kwamba heshima hiyo ikilegea, nyumba nayo haina muda mrefu.

Sasa mimi natoka Muleba, binti wa mwenye duka. Mila hiyo hata kwetu tunaijua, lakini baba yangu alishikana mikono na wateja tangu asubuhi hadi jioni, na mimi nikakua nikijua kwamba mtu mwenye adabu ananyoosha mkono. Basi siku naletwa kwa mume wangu, nimevalishwa kitenge kipya na jasho linanitiririka, nikapiga magoti kama nilivyofundishwa, nikasema shikamoo, halafu mkono ukanyooka wenyewe. Wanawake wakaguna. Shangazi akashika kichwa. Mkono wangu ukabaki hewani, nami natamani ardhi ipasuke inimeze.

Tata aliutazama ule mkono bila kukunja uso. Kisha akageuza fimbo yake, akaileta ncha mpaka kiganjani kwangu, akaitikisa taratibu kama mtu anayesalimiana na askofu.

"Marahaba," akasema. "Fimbo yangu imefurahi kukuona. Karibu nyumbani."

Watu walivunjika mbavu. Mimi nilicheka na machozi yakanitoka hapo hapo, kwa aibu na kwa shukrani. Nilimpenda yule mzee kuanzia dakika ile, na nasema wazi kwamba kumpenda yeye kulikuwa rahisi kuliko kumpenda mwanawe, ambaye ilinichukua muda kumzoea.

Kwa kuwa hakupaswa kukaa akazungumza nami ana kwa ana, alijitengenezea njia yake. Alikuwa anazungumza na zizi la mbuzi. Ataketi uani kwenye kigoda chake, uso ameuelekeza kule, na kuanza kutoa taarifa za mtu asiyejulikana.

"Kuna mtu humu ndani anakohoa tangu jana. Nyuma ya choo kuna mubirizi. Ukichemshwa unasaidia."

Nami niko jikoni, naiambia sufuria: "Mtu huyo amesikia. Anashukuru."

"Asishukuru. Anywe."

Mubirizi, kwa asiyeujua, ni mti wenye majani machungu kiasi kwamba ukiyanywa unasahau ulikuwa unaumwa nini. Niliyanywa. Alikuwa anasikiliza kama nakunywa kweli, na nilipokohoa kwa uchungu alicheka peke yake kule uani, mkono umefunika mdomo. Hivyo ndivyo alivyocheka siku zote, kwa kujificha, kama mtoto aliyeiba sukari. Na sukari pia aliiba. Daktari alimkataza, mama mkwe akaificha, naye akawa anajua ilipofichwa kabla mama mkwe hajakaa chini.

Mambo mengi tumezungumza kwa njia ile ya "kuna mtu". Tumeshauriana kuhusu shule za watoto, tumegombana kuhusu mbuzi waliokula maharage yangu, tumeomboleza. Mume wangu alikuwa anasema mtu mgeni akifika atadhani nyumba ina wagonjwa wawili wa akili, mmoja anaongea na mbuzi na mwingine na masufuria. Alisema hivyo kwa kutania, lakini nafikiri alikuwa na wivu kidogo, maana yeye mwenyewe na baba yake walikuwa watu wa maneno machache.

Binti yetu wa kwanza alipozaliwa nilimlaza mkekani, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. Tata akaja, akapiga goti moja, akamtazama muda mrefu kabla ya kumwinua.

"Kuna mtu amefanya kazi kubwa," akasema. Machozi yakamtoka, akaulaumu moshi wa jikoni. Sikuwa nimewasha moto.

Halafu akafanya jambo ambalo wazee wa rika lake walilitazama kwa mshangao. Alibeba watoto mgongoni, kwa kanga, kama sisi. Alikuwa na kanga yake maalumu ya kazi hiyo, ya kahawia, na hakumruhusu mtu kuipigia deki wala kuifungia mzigo. Mtoto mgongoni, kisu cha kukatia majani ya migomba mkononi, huyoo anapotelea shambani. Akina mama waliokuwa wanatoka Kiruruma kwenda gulioni walisimama barabarani wakapigiana makofi.

"Mzee, umekuwa yaya siku hizi?"

"Mtoto ana miguu laini, mimi nina mgongo," alijibu bila kusimama. "Nyie mnacheka nini?"

Niliwahi kumuuliza mume wangu kwa nini baba yake anachambua mila kama anayechambua maharage, hii anatupa, hii anaweka. Mwanamume kubeba mtoto mgongoni, sawa. Mwanamume kuchota maji mke akiwa mgonjwa, sawa, na alichota mchana kweupe. Lakini kunishika mkono mimi, hapana, hata siku nilipoteleza kwenye matope mbele yake na ndoo nzima ikanimwagikia. Alisimama, akageuza uso, akamwita mama mkwe kwa sauti ya kupasua koo. Mume wangu alifikiri kidogo, akasema: "Zile nyingine anaona zinambana yeye. Hii anaona inakulinda wewe." Sikumwelewa siku ile, na hata sasa namwelewa nusu.

Kibanja chake kilikuwa kitu cha kuoneshwa wageni. Nyasi zimetandazwa chini ya migomba, hakuna jani linaloning'inia limekauka, kahawa imepunguzwa matawi. Na yote hayo aliyafanya kwa mwendo ambao ulikuwa ukinitia wazimu. Ukimwambia mvua inakuja aingize kahawa iliyoanikwa, atainua uso, ataitazama mvua vizuri, atasema, "Kwani naenda Bukoba?" Hilo lilikuwa neno lake. Ibada inaanza, kwani naenda Bukoba. Bodaboda anapiga honi nje, kwani naenda Bukoba. Na siku moja alipokuwa anakwenda Bukoba kweli, kutazamwa macho, alichelewa gari.

Mkungu mzuri kuliko yote ya enshakara, zile ndizi za kupika ambazo zikiiva jikoni nyumba nzima inatulia, haukwenda sokoni. Ulikuja kulazwa kizingitini kwangu alfajiri, na hakusema neno. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ndio ulikuwa unanichekesha zaidi. Zamani huku kwetu wanawake walikamata senene na wanaume ndio wakawala, na yeye hakutaka kuonekana anaivunja mila ile waziwazi. Kwa hiyo atakula wachache, kisha ataweka bakuli mkekani na kuzungumza na mbuzi: jino linamsumbua, kama kuna mtu mwenye meno mazuri amsaidie. Jino hilo hilo lilikuwa linatafuna kahawa kavu kutwa nzima.

Msije mkafikiri alikuwa malaika. Alikuwa na kichwa kigumu, na hasira yake haikuwa ya kelele. Alinyamaza. Mwanawe mkubwa, anayeishi Kanoni, aliwahi kukata mibuni ya zamani ya mzee bila kumuuliza, ili apande miti ya mbao. Tata alikaa msimu mzima wa mahindi hajamsemesha. Wakikutana kanisani alimpisha kwenye benchi kwa adabu zote, akaimba nyimbo zote, akatoka. Mtoto mtu mzima yule, mwenye mke na watoto, alikuja kwangu jikoni akalia. Wote tuliogopa ule ukimya kuliko ambavyo tungeogopa kuchapwa.

Mimi hakuwahi kuninyamazia. Hata nilipofungasha nguo zangu nikitaka kurudi Muleba, baada ya ugomvi na mume wangu ambao sitausimulia hapa, nilimkuta ameketi mwisho wa kinjia anachonga mpini wa jembe ambao haukuwa na haja ya kuchongwa.

"Kuna mtu anaondoka," akauambia ule mpini. "Barabara ni yake. Lakini mimi nilikwenda Muleba kwa miguu yangu na fimbo yangu kuomba mtoto wa watu. Sikuomba ili aje alie kwangu. Aliyemliza ndiye aondoke kwanza."

Jioni ile alimwita mume wangu, na sikusikia walichozungumza, ila mume wangu alirudi macho mekundu na akaomba msamaha vizuri, kwa maneno kamili. Nikafungua mizigo. Nilipotoka kwenda kuchota maji, mzee alikuwa bado uani, akaliambia zizi kwamba mbuzi wote wapo.

Watoto wake aliwapenda kwa namna ya kuwasumbua. Jumapili lazima wote wapigiwe simu, na alishika simu mbali na sikio akiongea kwa sauti ya juu, kwa kuwa Mwanza aliko binti yake ni mbali. "Umekula nini?" Hilo ndilo swali. Hakuuliza kazi, hakuuliza afya. Ukimjibu umekula wali anasikitika, anakata simu akinung'unika kwamba mtoto anakufa njaa mjini. Wakija sikukuu, asubuhi alipita mlangoni akiviangalia viatu vyao vilivyojipanga kizingitini, akavisogeza kidogo na ncha ya fimbo vikae sawa, na siku hiyo alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wilaya ya Karagwe.

Mama mkwe alipofariki, yeye hakulia mbele za watu. Lakini binti yangu, ambaye ndiye alikuwa anamtandikia babu kitanda, aliniambia kwamba kila asubuhi anakuta shuka limekunjamana upande mmoja tu. Upande wa bibi ulibaki umenyooka. Miaka ikapita, watoto wakaenda shule za bweni, na yule mzee akaendelea kulala pembeni mwa kitanda kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi.

Kiharusi kilimkuta shambani, anasimika nguzo kwenye mgomba ulioelemewa na mkungu. Alirudi kutoka hospitali upande wa kulia umekufa ganzi, maneno yanamtoka kwa shida, yanateleza pembeni mwa mdomo. Akili ilikuwa nzima, na hilo ndilo lililoniuma. Mume wangu ni fundi ujenzi, na wakati huo alikuwa na kazi ya shule huko Kyerwa, anarudi Jumamosi. Wifi yuko Mwanza. Shemeji wa Kanoni anakuja anapoweza. Kwa hiyo siku nyingi kibanja chote tulibaki wawili, mimi na mtu ambaye siruhusiwi kumgusa.

Tulimpata jirani, mzee mwenzake, akawa anakuja asubuhi na jioni kumwosha na kumgeuza. Mchana nilikuwa namletea chakula. Hakuweza tena kuinama mkekani, basi tukaweka stuli juu ya mkeka, karibu na kitanda, na mimi nafika mpaka mlangoni, nasukuma sinia kwa fimbo ndefu mpaka lifike. Anakula kwa mkono wa kushoto, nusu inamwagika kifuani. Nimesimama nje nasikia kijiko kinagonga sahani, kinakosa, kinagonga tena. Siwezi kueleza jinsi ilivyokuwa kusikiliza kile kijiko.

"Tata, nikusaidie?"

"Kuna mtu," atasema, anatafuta neno, "ana... kazi zake jikoni."

Kisha ikaja ile siku ya mvua. Ilianza alfajiri, barabara ikawa mto, jirani hakutokea. Kumbe na yeye alikuwa na homa. Saa nne nikasimama mlangoni na uji. Harufu ilinifikia kabla sijafungua. Mzee alikuwa amelowa, ameteleza kutoka kwenye mito, shingo imekunjika ukutani, anatetemeka kwa baridi.

"Tata, jirani hajaja. Naingia."

"Kuna mtu... arudi jikoni."

Nikarudi. Nikakoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa. Nikampigia mume wangu, simu haipatikani. Nikampigia shemeji, yuko njiani, gari limekwama. Halafu nikasikia kupitia ukutani mzee analia. Si kilio cha sauti. Ni kile cha mtu anayejitahidi asisikike. Nilikuwa nimeishi naye miaka yote ile na sikuwahi kuisikia sauti hiyo.

Nikapiga moyo konde. Nikachukua beseni la maji ya moto, sabuni, shuka safi, nikaingia. Alipoona nimevuka kizingiti alifumba macho. Nikaweka mkono wangu begani kwake kwa mara ya kwanza. Alikuwa mwepesi. Nilimwona mtu mkubwa siku zote, na alipolala kwenye mkono wangu alikuwa mwepesi kama nguo zilizokauka. Nilimwosha, nikifunika kila palipostahili kufunikwa, na muda wote niliongea. Nilimwambia mbuzi wamejaa zizini, nilimwambia enshakara ya karibu na kisima imeanza kutoa ua, nilimwambia wajukuu wanafunga shule karibuni. Hakujibu. Hakufumbua macho. Chozi lilitoka pembeni mwa jicho likaingia sikioni, nikalifuta, likatoka lingine.

Kuanzia siku ile Tata aliacha kunisemesha.

Jirani alipona akarudi, nami nikarudi mlangoni kwangu na sinia langu. Nikisema leo ni ndizi na maharage, kimya. Nikisema mvua imekatika, kimya. Akiwa na jirani anazungumza. Akiwa na mume wangu siku za Jumamosi anazungumza, anauliza habari za saruji na mabati. Mimi tu. Hata "kuna mtu" iliisha. Sikuwa tena hata mtu asiyejulikana.

Iliniumiza kuliko ninavyoweza kuandika. Nilijua ningerudia kufanya vile vile, sikuwa na shaka na hilo. Ningemwachaje kwenye baridi? Lakini nilikuwa na hofu kwamba nimemtoa kwenye baridi na papo hapo nimemnyang'anya heshima aliyoitunza maisha yake yote, na kwamba siku zilizobaki hazitamtosha kunisamehe. Nilimwambia mume wangu.

"Ungefanyaje sasa?" akaniuliza.

"Sijui. Lakini asife ameninyamazia. Chonde, muulize."

Alimuuliza. Mzee akageuza uso.

Shangazi alikuja kumjulia hali, na mimi, kwa kuwa sikutaka aambiwe na watu wengine, nikamweleza mwenyewe. Akaweka kikombe chini.

"Ulimshika?"

"Nilimwosha, shangazi. Alikuwa amelowa."

"Mh," akasema shangazi, akaendelea kunywa chai. Ile "mh" ilinikaa kifuani kwa siku nyingi.

Kisha Tata akaagiza watoto wake waje Jumapili. Wote. Wifi alipanda basi kutoka Mwanza, shemeji akaja na mkewe kutoka Kanoni, shangazi akaletwa na bodaboda. Baada ya kanisa walijaa chumbani kwake, wamemwegemeza kwa mito, amevalishwa koti lake la ibada. Mimi niliweka sinia la chai mlangoni na kugeuka kurudi jikoni, kama kawaida.

"Asiondoke," Tata akasema.

Nikasimama pale pale nje ya kizingiti, nikapiga magoti. Nikajua sasa atalisema mbele ya wote.

Alimtazama mwanawe mkubwa. Alikuwa anakusanya maneno moja moja, na kila mtu alimsubiri.

"Siku yangu ile," akasema, "huyu asipike."

Labda wewe unayesoma huoni uzito wa neno hilo, kwa hiyo nieleze. Mzee akifariki kwa watu wa ukoo ule, binti zake wanaketi ndani karibu na mwili, kichwani kwake, wanalia baba yao. Wakwe wanapika. Wakwe ndio wanaochota maji, wanaomenya ndizi, wanaopulizia moto na kulisha umati, na kilio chao wanakimalizia kwenye moshi. Wakati wa msiba wa mama mkwe mimi nilimwona marehemu mara moja tu, wakati jeneza linatoka. Hakuna aliyenionea. Ndiyo nafasi ya mkwe, na mkwe akiiacha ni aibu ya nyumba nzima. Anayeweza kumtoa jikoni ni mwenye msiba peke yake, na mwenye msiba kwa kawaida hawezi tena kusema.

Wa kwanza kuzungumza alikuwa shangazi.

"Asipike, nani atapika? Huyu ndiye mkwe wa nyumba hii."

"Wapike wengine."

"Kaka, unajua unachosema?"

"Nimepooza mkono," Tata akasema. "Sijapooza kichwa."

Wifi akaanza kulia. Mzee akaugeuza uso wake taratibu mpaka ukafika kwangu, si kwenye zizi, si ukutani, akanitazama machoni. Sikuwa nimewahi kuyaona macho yale kwa karibu. Yalikuwa na rangi ya kahawia iliyofifia pembeni.

"Nilinyamaza," akasema, "kwa sababu nilikosa cha kukuita. Mkwe haingii humu. Na wewe uliingia." Akapumzika, akavuta pumzi. "Maji yalikuwa na moto mzuri."

Nikainamisha kichwa mpaka kikagusa sakafu. Nilipoinua uso alikuwa tayari anamuuliza wifi amekula nini njiani.

Alifariki siku chache baadaye, asubuhi, mume wangu amemshika mkono ule mzima. Mchana wake turubai lilikuwa limefungwa, ndizi zinaingia zikiwa vichwani mwa akina mama kutoka Kanoni na Kiruruma, na mimi bila kufikiri nilikuwa nimeshajifunga kanga kiunoni naelekea kwenye mafiga. Wifi alinikamata kanga kwa nyuma. Alinivuta mpaka ndani, akanisogezea nafasi kati yake na kichwa cha baba.

Nikaketi. Mikono sikujua niiweke wapi. Nje nasikia watu wanaangusha kuni, mtu anauliza ndoo, moto hauwaki vizuri, na mwili wangu wote ulikuwa unataka kwenda kusaidia. Wenzangu walikuwa wanalia na mimi nilikuwa nimekauka, naona haya, nahisi kila anayeingia ananiuliza moyoni huyu amekaa hapa kama nani.

Mama mmoja akachungulia mlangoni, mikono imejaa utomvu wa ndizi.

"Mama, chumvi unaweka wapi? Na yale masufuria makubwa?"

Nilikuwa nimeshaanza kunyanyuka. Mkono mzito ukanishika bega, ukanirudisha chini. Alikuwa shangazi.

"Chumvi tafuteni wenyewe," akamwambia. "Huyu mwacheni. Amefiwa na baba yake."

Ndipo nikalia.